Jeli ya Maumivu na Kiuno Kilichoshikwa Ghafla: Mwongozo Kamili wa Saa za Kwanza

Lalamiko ni lile lile kila mada hii inapoguswa: mtu ameshikwa na kiuno akivuta nyavu au akishusha gunia la dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, amenunua jeli, amepaka siku mbili, na hakuna kilichobadilika. Wapo wanaorudi na jambo baya zaidi, yaani ngozi iliyobabuka, au ugonjwa mwingine kabisa uliokuwa umejificha nyuma ya maumivu hayo.

Ukiwauliza waliitumiaje, majibu hufanana. Waliruka uchunguzi wa hatari, walipaka kidogo mno, waliikanda kwa nguvu, waliifunika kwa joto, na juu ya yote waliitarajia ifanye kazi ambayo jeli haiwezi kuifanya kwenye kiuno. Kwa sababu hiyo hatua zilizo hapa chini zina mfuatano usiofaa kurukwa, na hatua ya kwanza haihitaji jeli hata tone.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye maumivu mapya kati ya mbavu za chini na makalio. Hauwahusu watoto, wala wenye maumivu ya miezi na miaka.

## Vitu vya kuandaa

- Tyubu ya jeli ambayo kiambato chake umekisoma mwenyewe. Jina kubwa la mbele ya boksi halikuambii mengi. Tafuta maandishi madogo. Yakisema Diclofenac 1% au Diclofenac diethylamine 1.16%, hiyo ndiyo jeli inayozungumzwa hapa.
- Sabuni, maji safi na taulo kavu.
- Kalamu, karatasi na saa.
- Mto mmoja.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na zile za mitishamba.
- Mtu wa kukupaka, kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hafiki vizuri kwenye kiuno chake na akijipinda anajiongezea maumivu.
- Nauli ya kufika hospitali, ikiwa imetengwa kabla ya kuhitajika. Kwa aliye Ukerewe au kwenye visiwa vidogo, jambo hili lina uzito kuliko tyubu yenyewe.

Nunua famasi au kwenye duka la dawa muhimu. Tyubu zinazopangwa kwenye meza za barabarani hushinda juani, na jeli nyingi za aina hii zimeandikwa zisihifadhiwe kwenye joto linalozidi nyuzi 30. Jeli iliyogawanyika maji upande mmoja na uji upande mwingine usiitumie.

## Hatua ya 1: Hakikisha si dharura ya kweli

Sehemu hii ni ndefu kuliko nyingine kwa makusudi. Kiuno kinachouma kwa misuli iliyovutika hupona chenyewe kwa wengi ndani ya wiki chache, iwe kimepakwa au hakikupakwa. Kiuno kinachouma kwa sababu nyingine kinaweza kumwacha mtu akiwa hawezi kutembea au kuzuia mkojo maisha yake yote, na saa zilizopotea akipakwa jeli hazirudi.

Muulize mgonjwa maswali yafuatayo waziwazi, bila aibu. Akiwa ni mzazi au mkwe wako na maswali yanaleta ugumu, mtafute mtu wa rika lake aulize, lakini yaulizwe.

Mkojo na haja kubwa. Je, tangu maumivu yaanze ameshindwa kukojoa ilhali kibofu kimejaa, au mkojo na choo vinamtoka bila kujua? Je, anapojisafisha chooni anahisi ganzi kwenye sehemu inayogusa kiti cha baiskeli, yaani katikati ya mapaja, sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya haya linaashiria kwamba mishipa ya fahamu ya mwisho wa uti wa mgongo huenda imebanwa. Hiyo ni dharura ya upasuaji inayohesabiwa kwa saa.

Nguvu za miguu. Mwombe atembee hatua chache kwa visigino, kisha kwa vidole, akiwa ameshika ukuta. Mguu unaoburuta, au miguu yote miwili iliyolegea, haupakwi jeli.

Homa. Mwenye homa na maumivu ya kiuno apimwe malaria, lakini kipimo kikionyesha hana, msiishie hapo. Maambukizi ya figo huleta homa, kutetemeka na maumivu upande mmoja chini ya mbavu. Kifua kikuu cha pingili za mgongo huja polepole, kwa jasho la usiku na kukonda. Anayeishi na virusi vya UKIMWI, mwenye kisukari na anayetumia dawa za steroidi wawe na tahadhari zaidi, kwa kuwa maambukizi kwao yanaweza kujificha bila homa kali.

Ziwa. Hili huachwa na miongozo mingi iliyoandikwa mbali na hapa. Kichocho cha Ziwa Victoria tumekizoea kama ugonjwa wa tumbo na ini, lakini mayai ya minyoo wake yanaweza kufika kwenye uti wa mgongo. Anayepatwa na hali hiyo mara nyingi ni kijana mwenye nguvu zake, anayeogelea, anayevua au anayeteka maji ziwani. Huanza na maumivu ya kiuno, kisha ndani ya siku au wiki chache miguu inakosa nguvu na mkojo unakuwa wa shida. Si ugonjwa wa kila siku, ila una tiba, na tiba hiyo ina faida kubwa ikianza mapema. Kijana wa mwaloni mwenye dalili hizo amweleze daktari kwamba anaingia ziwani, asingoje kuulizwa.

Seli mundu. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya nchi yenye wagonjwa wengi wa seli mundu. Kwa mgonjwa huyo, maumivu ya ghafla ya mgongo yahesabiwe kuwa shambulio la ugonjwa wake hadi ithibitishwe vinginevyo.

Ajali na umri. Aliyeanguka kutoka bodaboda, mtini au kwenye jukwaa la ujenzi anahitaji kupigwa picha ya mifupa. Vivyo hivyo mzee aliyeteleza tu bafuni, kwa kuwa mifupa iliyodhoofika huvunjika kwa kishindo kidogo. Mzee mwenye maumivu makali ya tumbo na mgongo kwa pamoja, akiwa ametoka jasho la baridi au amezimia, akimbizwe hospitali. Aliyewahi kutibiwa saratani asijipe moyo kwamba ni misuli.

Mimba. Maumivu ya kiuno yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio kwa mjamzito yanaweza kuwa uchungu. Apelekwe kliniki au wodi ya wazazi.

Ukipata ishara moja tu kati ya hizi, acha mwongozo huu na uanze safari. Zahanati na kituo cha afya wanaweza kuandika rufaa, lakini mwenye ganzi ya sehemu za siri, mkojo uliogoma au miguu iliyokufa apelekwe moja kwa moja kwenye hospitali kubwa. Kwa Mwanza hiyo ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando. Mlioko visiwani msisubiri asubuhi mkitarajia kwamba usingizi utasaidia. Ulizeni chombo cha usafiri wakati huo huo.

Mafanikio ya hatua hii ni kuwa na karatasi yenye majibu ya "hapana" kwa kila swali, pamoja na saa mliyoyauliza. Rudieni maswali ya mkojo, ganzi na miguu kila asubuhi na jioni kwa siku tatu za kwanza, kwa sababu ishara hizo zinaweza kutokea baadaye.

## Hatua ya 2: Jua kama jeli hiyo inamfaa mgonjwa huyu

Diklofenaki iko kwenye kundi moja na ibuprofeni na aspirini. Ikipakwa, kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana, takriban asilimia 6 ya kile kinachoingia mtu anapomeza dawa hiyo hiyo. Kidogo si sifuri, na kwa baadhi ya watu tofauti hiyo inatosha kuleta madhara.

Asitumie kabisa mtu aliyewahi kubanwa kifua, kuvimba uso au kutoka vipele baada ya kumeza aspirini, ibuprofeni au diklofenaki. Mwenye pumu ambaye hajawahi kujua kama dawa hizi zinamdhuru aulize kwanza.

Kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito dawa za kundi hili huepukwa isipokuwa daktari ameagiza, kwa sababu zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka tumboni. Mama anayenyonyesha aongee na mhudumu, na kamwe asipakwe mahali mtoto anapoweza kugusa au kulamba.

Wenye vidonda vya tumbo vinavyotoa damu, figo au ini lililochoka, moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri, na wanaotumia warfarini, yaani dawa ya kuzuia damu kuganda, wapate idhini ya daktari au mfamasia kabla ya kufungua tyubu.

## Hatua ya 3: Amua kati ya jeli na kidonge

Hapa ndipo matarajio ya wengi yanapokosea, na ningependa msomaji akae kidogo.

Jeli ya diklofenaki ina sifa nzuri kwa kifundo cha mguu kilichoteguka, kwa goti na kwa vidole vya mkono. Maeneo hayo yana ngozi nyembamba na kiungo kiko karibu. Kiuno kimejengwa kwa namna nyingine: chini ya ngozi kuna mafuta, chini ya mafuta kuna utando mgumu, kisha misuli minene, na viungo vya pingili viko ndani zaidi ya hapo. Mwongozo wa vyama viwili vya madaktari wa Marekani wa mwaka 2020, ulioziweka dawa za kupaka za kundi hili katika nafasi ya kwanza kwa majeraha mapya ya misuli na viungo, uliacha maumivu ya kiuno nje tangu mwanzo.

Swali la kiuno lilipimwa peke yake kwenye vyumba vya dharura vya Bronx, New York, na matokeo yakachapishwa mwaka 2024. Wagonjwa 198 wenye maumivu mapya ya kiuno yasiyoshuka mguuni waligawanywa katika makundi matatu: wa kwanza walipewa vidonge vya ibuprofeni vya miligramu 400 na jeli isiyo na dawa, wa pili jeli ya diklofenaki ya asilimia 1 na vidonge visivyo na dawa, na wa tatu wakapewa dawa zote mbili. Baada ya siku 2, kwa kipimo cha alama 24 kinachouliza mgonjwa anashindwa kufanya nini, kundi la kidonge lilikuwa limepata nafuu ya wastani wa alama 10.1, kundi la jeli alama 6.4, na waliotumia vyote alama 8.7.

Somo la kwanza ni kwamba jeli huenda inazidiwa na kidonge kwenye kiuno. La pili linawagusa moja kwa moja wale wanaomeza na kupaka kwa pamoja: kuchanganya hakukuongeza faida. Pia tuseme haki, hata kundi la jeli lilipata nafuu, lakini hapakuwa na kundi lililopewa jeli na vidonge visivyo na dawa pekee, kwa hiyo sehemu ya nafuu hiyo inaweza kuwa ni mwili kujiponya wenyewe.

Uamuzi basi unakwenda hivi. Mtu asiye na kizuizi chochote cha Hatua ya 2, anayeweza kumeza dawa, aanze na ibuprofeni ya miligramu 400 baada ya chakula, kila baada ya saa 8, isizidi miligramu 1,200 kwa siku bila agizo la daktari, na kwa siku chache tu. Huyu hahitaji jeli. Jeli inabaki kwa yule ambaye vidonge vinamsumbua tumbo, au ambaye tayari anameza dawa nyingi na mhudumu ameona ni salama kwake kupaka kuliko kumeza.

Chagua njia moja. Kumeza vidonge vya diklofenaki, kupaka jeli yake na kisha kwenda kudungwa sindano yake jioni ni kujirundikia dawa ile ile kwa milango mitatu, na gharama yake hulipwa na tumbo na figo.

Na zile dawa za kuchua zinazowasha au kupoza? Nyingi zina methili salisileti, mentholi au kafuri. Kazi yake kubwa ni kuipa ngozi hisia nyingine inayofunika maumivu kwa muda, na hakuna ubaya kwa mtu anayezipenda, ilimradi asizichanganye na jeli ya diklofenaki mahali pamoja. Tahadhari zake tatu ni nzito. Mnamo 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba bidhaa za aina hii zimewahi kuunguza ngozi hadi malengelenge. Methili salisileti ikipakwa kwa wingi huongeza nguvu ya warfarini na inaweza kuleta kutokwa damu. Na kwa mtoto ni sumu: kijiko kimoja cha chai cha mafuta safi ya methili salisileti kina dawa inayolingana na vidonge vya aspirini zaidi ya 20. Harufu yake inafanana na peremende, kwa hiyo chupa isiachwe dirishani.

## Hatua ya 4: Andaa ngozi

Osha kiuno kwa sabuni na maji ya kawaida, kisha kausha kwa kugandamiza taulo badala ya kusugua. Mvuvi anayetoka ziwani ana chumvi ya jasho, magamba na mafuta ya samaki mgongoni, na jeli inayopakwa juu ya tabaka hilo haifiki kwenye ngozi.

Kagua kwa mwanga wa kutosha. Usipake juu ya jeraha, upele, ngozi iliyoungua, wala mahali palipochanjwa chale au kupigwa chuku hivi karibuni. Ngozi iliyokatwa hupitisha dawa nyingi kuliko ilivyokusudiwa, mbali na kuwasha kwake. Kama kuna dawa nyingine ya kuchua iliyopakwa asubuhi, ioshwe yote itoke.

## Hatua ya 5: Pima kiasi

Watu wengi hupaka tone la ukubwa wa punje ya mahindi wakidhani wanabana matumizi. Kwa jeli ya asilimia 1, kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni gramu 2 hadi 4 kwa kila mara, mara 3 au 4 kwa siku. Kama ndani ya boksi kuna kadi ya kupimia au karatasi yenye maelekezo tofauti, fuata hiyo, kwa sababu midomo ya tyubu hailingani upana.

Pasipo kadi, tumia hesabu ya tyubu yenyewe. Tyubu ya gramu 20 ina vipimo 10 vya gramu 2. Ukipaka mara 4 kwa siku inapaswa kuisha siku ya tatu. Ilaze mezani, chora kwa kalamu mistari inayoigawa katika sehemu 10 kuanzia mkiani, kisha uikunje kutoka mkiani kila unapokamua hadi kwenye mstari unaofuata. Tyubu ndogo iliyodumu nyumbani wiki mbili ikipakwa "kila siku" ni ushahidi kwamba mgonjwa hakuwahi kupata kipimo kamili.

Kuzidisha nako hakuharakishi kupona. Ukisahau mara moja, usipake maradufu mara inayofuata.

## Hatua ya 6: Paka

Mlaze mgonjwa kifudifudi, mto ukiwa chini ya tumbo ili kiuno kisipinde. Asiyeweza kulala hivyo alale ubavu, magoti yamekunjwa na mto katikati yake.

Andika kwanza alama ya maumivu, kuanzia 0 kwa asiyeumwa hadi 10 kwa maumivu makali kuliko yote. Bila alama hii, kesho mtabishana kama kuna nafuu au hakuna.

Weka jeli kwenye sehemu inayouma, pande zote mbili za uti, halafu itandaze kwa kiganja kilicho bapa kwa duara za polepole kwa muda wa dakika moja hivi, hadi isionekane tena nyeupe. Mkono uende mwepesi. Najua hapa kuna ubishi, maana kwetu kuchua ni kuchua hasa, kwa kiwiko na kisigino cha mkono mpaka mgonjwa alie. Misuli iliyokaza kwa kujilinda hujibu nguvu hiyo kwa kukaza zaidi, na ikiwa kuna pingili iliyovunjika ambayo hamkuigundua, mnaongeza madhara.

Aliyepaka anawe mikono kwa sabuni, asiguse macho wala mdomo kabla ya hapo. Mama anayekwenda kupika au kumbeba mtoto asiruke jambo hili.

Mgonjwa angoje dakika 10 kabla ya kuvaa, na saa 1 kabla ya kuoga. Baada ya hapo kuna makatazo matatu:

1. Usifunike kwa plastiki, mkanda wa kubana wala khanga iliyofungwa kwa nguvu. Kufunika huongeza dawa inayoingia mwilini na huiumiza ngozi.
2. Usiweke chupa ya maji ya moto wala taulo la moto juu ya jeli. Kufanya hivyo kunaweza kuunguza ngozi hadi malengelenge. Joto lenyewe ni msaada wa kweli kwa kiuno kipya, lakini litumie kwa wakati wake, ngozi ikiwa imeoshwa na kukauka, na saa kadhaa zikiwa zimepita tangu kupaka.
3. Usianike mgongo juani. Anayeanika dagaa tumbo wazi avae shati. Kwa jeli ya ketoprofeni, dawa nyingine ya kundi hili, katazo ni kali zaidi: ngozi ilindwe na jua muda wote wa matibabu na wiki 2 baada ya kuacha, maana athari yake na mwanga wa jua inaweza kuwa mbaya sana.

Umefanya vizuri ikiwa ngozi imebaki na rangi yake, haiwashi, na jeli haikubaki kama utando unaonata kwenye nguo. Ubaridi kidogo ni wa kawaida. Kuchomachoma kunakozidi kadiri dakika zinavyopita si kwa kawaida. Osha mara moja kwa maji mengi na sabuni, na usiirudie.

## Hatua ya 7: Mgonjwa atembee

Kumlaza kitandani siku tatu ni kumchelewesha. Ainuke kwa kugeuka ubavu kwanza, ashushe miguu, ajisukume kwa mikono. Atembee ndani ya nyumba kila saa aliyo macho, hata kama ni hadi mlangoni na kurudi. Kuinua ndoo, kuvuta nyavu na kubeba gunia vingoje.

## Hatua ya 8: Pima matokeo kwa kazi

Jeli haifanyi kazi kwa dakika, hivyo usiihukumu baada ya mara moja. Kila jioni andika alama ya maumivu na mambo matatu ambayo mgonjwa anaweza au hawezi kufanya: kuvaa viatu mwenyewe, kugeuka kitandani, kuchuchumaa chooni. Choo chetu cha kuchuchumaa ni kipimo kizuri cha kiuno.

Nafuu ya kuridhisha baada ya siku 2 hadi 3 huonekana hivi: alama imeshuka kwa angalau 2, na jambo moja lililokuwa haliwezekani sasa linawezekana. Maumivu kuwepo bado si kushindwa. Kuyategemea yaishe kabisa ndani ya siku hizo ni kujidanganya.

Alama ikibaki pale pale siku ya tatu na kipimo kimekuwa kamili, jeli imeshatoa jibu lake. Usinunue tyubu ya pili wala usiongeze kiasi. Nenda zahanati. Anayeendelea kupata nafuu asivuke siku 7 bila kuonwa na mhudumu.

Acha mara moja na uende hospitali ukiona vipele vilivyotapakaa, uso kuvimba, kupumua kwa shida, choo cheusi kama lami, au mkojo kupungua sana. Kwa wanaotumia dawa zenye methili salisileti, masikio kuvuma ni onyo kwamba imeingia nyingi.

## Hatua ya 9: Ukifika chumba cha dharura

Beba tyubu yenyewe pamoja na karatasi yako. Mhudumu anayejua kwamba umepaka diklofenaki saa 2 asubuhi na kumeza ibuprofeni saa 4 ataamua tofauti na yule anayebahatisha. Taja jina la kila kidonge, pamoja na kile ulichopewa na jirani.

Eleza kwa mpangilio: maumivu yalianza lini, ukifanya nini, yanashuka hadi wapi, na majibu ya Hatua ya 1. Maneno "nimeshindwa kukojoa tangu usiku" au "nina ganzi sehemu za siri" yasemwe kwenye dirisha la mapokezi, kabla ya kukaa kwenye benchi, kwa sababu ndiyo yanayobadilisha nafasi yako kwenye foleni. Wengi huyaficha hadi wawe peke yao na daktari, na wakati huo saa mbili zimeshapita.

Usishangae ukirudishwa nyumbani bila picha ya eksirei. Kwa maumivu mapya yasiyo na ishara za hatari, picha hiyo kwa kawaida haibadilishi matibabu. Usishinikize sindano pia. Kwa anayeweza kumeza, sindano ya diklofenaki haina sifa ya pekee ya kuponya kiuno, na ikidungwa vibaya kwenye kalio inaweza kujeruhi mshipa mkuu wa fahamu wa mguu.

Kabla ya kuondoka uliza mambo manne na uyaandike: dawa gani uendelee nayo, ipi uiache, urudi siku gani kama hakuna nafuu, na dalili gani zikurudishe usiku huo huo. Mwenye safari ya kurudi Ukerewe au Sengerema aongeze la tano: kituo kipi cha karibu na kwake kinaweza kumpima tena, ili asilazimike kuvuka maji kwa jambo ambalo mganga wa kituo cha afya angelimaliza.